Upepo Tumboni

Mume wa Msusi alirudi kutoka kazini mapema, jua bado kali, akapita ukumbini bila kumtazama mtu, akaenda moja kwa moja uani na kuanza kufua suruali yake.

Msusi alikuwa kwenye kigoda chake akimaliza nywele za mteja. Aliuona mgongo wa mumewe kupitia mlango wa nyuma, ameinama juu ya beseni. Alikuwa fundi rangi kwenye gereji ya magari, na tangu waoane nguo zake za kazi zilifuliwa na mkewe, kwa sababu mwanamume mwenyewe hakujua hata sabuni inakaa wapi. Mteja naye aliona.

"Leo umeolewa upya," akasema, na wote wawili wakacheka.

Mteja alipoondoka, Msusi akatoka uani. Suruali ilikuwa imeanikwa. Maji yaliyobaki kwenye beseni yalikuwa na wekundu, na haukuwa wekundu wa rangi ya gari. Mumewe alikuwa amesimama, kiganja kimoja kikiegemea ukuta.

"Umeumia wapi?"

"Mgongo. Nimeteleza, nikajigonga."

"Na damu?"

"Nimekwambia mgongo, mama."

Aliyatupa maji yale yeye mwenyewe. Chai akainywa amesimama. Mkewe alipomsogezea kiti alikitazama kile kiti kama mtu anayetazama mbwa asiyemfahamu, akasema hajachoka.

Gerejini walimwita Taratibu. Kila kitu alikifanya kwa mwendo wake: kupiga msasa, kuchanganya rangi, kula, hata kujibu salamu. Magari aliyoyapaka yeye yalitoka yaking'aa mpaka mwenye gari akaona aibu kulipanda na viatu vyenye vumbi. Gereji ilikuwa ya kaka yake Msusi, ambaye watu wote, wakiwemo waliomzidi umri, walimwita Mkubwa. Ni yeye aliyempa Taratibu kazi, ni yeye aliyewalipia karamu ya harusi, na katika kila jambo la ukoo neno lake lilikuwa la mwisho. Alipenda sana utani. Alificha viatu vya watu, alitia pilipili kwenye chupa za maji, aliwafungia mafundi ndani ya magari na kuwaacha juani. Aliyekasirika aliambiwa hana kifua. Na shemeji, kama watu wote wajuavyo, ni wa kutaniwa. Taratibu ndiye aliyetaniwa kuliko wote, naye alivumilia, maana alikuwa anakula jasho lake kwenye sahani ya mtu mwingine.

Jioni ile hakula. Alilalia ubavu, magoti ameyakunja, na Msusi alipomwekea mkono tumboni alikuta limejaa na kukaza.

"Hapa panauma?"

"Bega," akasema. "Bega la kulia linaniuma sana."

"Mara mgongo, mara bega. Sema ukweli, baba."

Akafumba macho.

Jua lilikuwa halijazama vizuri Mkubwa alipopiga hodi. Kaka yake hakuwa mtu wa kutembelea watu, yeye hutembelewa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, na katika mkono wa pili alikuwa na chupa ya dawa.

"Nimeleta dawa ya tumbo," akasema. "Mgonjwa anaendeleaje?"

Msusi alikuwa hajamwambia mtu yeyote habari za tumbo. Mumewe mwenyewe alikuwa amesema mgongo.

"Nani amekwambia anaumwa tumbo, Kaka?"

Mkubwa aliigeuza kofia mkononi. "Mchana hakula. Fundi asipokula, ni tumbo hilo."

Akaingia chumbani, akavuta kiti mpaka karibu na kitanda, akakaa kama mtu aliyetumwa kulinda kitu. Akazungumza habari za gari la mteja fulani lililogongwa ubavuni, habari za bei ya rangi, habari za kila kitu. Taratibu alikuwa ameuelekea ukuta. Kila Msusi alipoingia, maongezi yalibadilika sauti.

"Usihangaike, mdogo wangu," kaka yake akamwambia. "Ni gesi tu. Itatoka yenyewe."

Msusi akaona bega la mumewe likitetemeka chini ya shuka.

Kulipopambazuka lile tumbo lilikuwa ngoma. Ngozi ilikuwa imevutika mpaka inang'aa, midomo imekauka, jasho baridi, na alikuwa anahema juujuu kama aliyekatazwa kumaliza pumzi. Msusi alimkuta Mkubwa tayari yuko nje, anafuta kioo cha gari lake ambacho hakikuwa na uchafu.

"Kuna mtu namjua ana zahanati yake," akasema. "Hana maswali mengi. Tumpeleke huko."

"Tunakwenda hospitali kubwa."

"Huko mtapangwa foleni mpaka..."

"Kaka, tunakwenda hospitali kubwa, au nitasimama barabarani nisimamishe gari lolote litakalopita."

Hakuwahi kumkata kauli tangu azaliwe. Mkubwa alilikunja tambara alilokuwa akifutia, akalitia mfukoni, akafungua mlango wa nyuma.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, mpaka ilibidi watu wanyamaze ndipo wamsikie. Aliweka vidole vyake juu ya tumbo la mgonjwa, akabonyeza polepole, akaachia ghafla, na Taratibu akatoa mlio ambao mkewe hakuwahi kuusikia. Daktari akavaa glavu, akavuta pazia, akampima na kwa njia ya haja kubwa. Alipotoa kidole kilikuwa na damu.

"Nini kilikupata?"

"Aliangukia chuma," akajibu Mkubwa, aliyesimama upande wa pili wa pazia. "Pale gerejini. Vyuma vingi."

"Namuuliza yeye."

Taratibu akatazama pazia. Kiatu cha shemeji yake kilikuwa kinaonekana chini yake. "Niliangukia chuma," akasema.

Daktari hakubisha. Waliagiza picha, na picha ilipokuja daktari aliiinua juu kwenye mwanga wa dirisha, akamwita Msusi karibu.

"Haya ni mapafu. Hili ni ini. Na huu weusi uliojikunja kama mwezi mchanga, hapa katikati, ni hewa. Hewa mahali pake ni ndani ya utumbo. Ikikaa hapa juu, maana yake utumbo umetoboka. Ndiyo inayomsumbua bega." Akaishusha picha. "Sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo inaitwa puru. Ndipo damu inapotoka. Ikipata kidonda kidogo, huwa tunampa mtu dawa kwenye mshipa, tunamzuia kula, tunakaa tunamwangalia, na wengi wanapona bila kisu. Huyu amepita hapo. Kinyesi kimekwisha mwagikia tumboni tangu jana, na kila tunavyokaa kinazidi kumtia sumu. Lazima nimfungue."

"Atapona?"

"Nitamfungua," akasema daktari. Kisha akaongeza, kwa sauti ileile ndogo, "Aliyeangukia chuma nitajua pa kutafuta. Chuma huingia kwa njia moja. Kama ni kitu kingine, afadhali nikijue kabla sijashika kisu."

Muuguzi alimwekea Taratibu dripu kwenye kila mkono, mrija puani na mwingine wa mkojo. Daktari akamgeukia Mkubwa na kumwambia mgonjwa atahitaji damu, aende maabara akapimwe. Mkubwa alitazama kitanda, akamtazama dada yake, akasita. Lakini mtu hawezi kukataa kumtolea damu shemeji yake mbele za watu. Akaenda.

Nyayo zake zilipopotea, Taratibu akamshika mkewe mkono.

"Kaka yako alikuwa anatania," akasema.

Msusi akainama karibu na mdomo wake.

"Nilimwambia nahama. Nimepata gereji nyingine, mwisho wa mwezi naondoka. Akacheka. Akasema, basi tukuage vizuri. Nyundo, yule fundi wa bati, akanishika miguu, na mwingine mikono. Nikadhani wananibeba wanitupe kwenye maji machafu, kama wanavyofanya." Akameza mate, hayakuwepo. "Kaka yako akachukua ule mpira wa upepo. Wa mashine, tunaopulizia vumbi kwenye magari. Akauweka hapo nyuma, juu ya suruali, akabonyeza. Kufumba na kufumbua tu, mama. Nilisikia najaa mpaka kooni. Wote wakacheka. Na mimi nilicheka. Mimi ndiye niliyeanza kucheka."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba nimepulizwa na shemeji kama tairi? Nitembee vipi mtaani?" Vidole vyake vilikuwa vya moto. "Uniapie. Usimwambie mtu. Heri nife kuliko watu wajue."

"Nakuapia," akasema, maana wahudumu walikuwa wameshika kitanda tayari na hakutaka aende na kinyongo. Magurudumu yakaanza kulia, mlango ukafunguka, ukajifunga.

Alibaki amesimama katikati ya korido. Alikuwa ameapa, na kiapo kwao hakikuwa mchezo. Lakini maneno ya yule daktari yalikuwa yanamzunguka kichwani: chuma huingia kwa njia moja. Upepo, je? Alikuwa ameona matairi yakijazwa. Upepo haukai mahali ulipoingilia. Unakwenda mpaka mwisho, unatafuta pale palipo laini.

Akaugonga mlango wa chumba cha upasuaji kwa kiganja, akagonga tena, mpaka muuguzi mmoja aliyefunika mdomo akachungulia na kumwambia hapagongwi hapo.

"Mwambie daktari si chuma. Ni mpira wa upepo. Upepo wa mashine ya gereji."

Yule muuguzi akafunga mlango, na Msusi akasikia viatu vyake vikienda haraka.

"Umesema nini, mdogo wangu?"

Mkubwa alikuwa nyuma yake. Alikuwa amekunja mkono, pamba imebanwa kwenye kiwiko, damu aliyoitoa ikiwa imeshapita mbele yake kuelekea mlango uleule.

"Nimemwambia daktari."

"Umemwambia nini?"

"Unachokijua."

Hakufoka. Kaka yake alipokuwa anafoka watu walipumua, maana walijua yataisha. Aliitoa ile pamba, akaitazama, akaikunja ndani ya karatasi. "Unajua ulichokifanya?" akauliza, kwa upole kabisa. Halafu akaketi kwenye benchi, na kwa kuwa benchi lilikuwa moja tu, Msusi naye akaketi. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, ndugu wa tumbo moja, mpaka jua la dirishani likapanda ukuta na kutoka.

Daktari alipotoka uso wake ulikuwa na alama za barakoa. Alimwita Msusi pembeni.

Puru ilikuwa imechanika kwa juu, akasema, pale inapokutana na utumbo mpana. Pale angepaona kwa vyovyote. Lakini alipoambiwa ni upepo aliufuata utumbo wote kwa mkono, kipande kwa kipande, na huko juu kabisa, karibu na ini, akakuta umepasuka tena, na mahali pengine ngozi ya nje ilikuwa imeachana kama mshono wa nguo iliyobana.

"Ningeshona wa chini nikafunga," akasema, "na ule wa juu ungeendelea kumwaga. Ungemzika kabla wiki haijaisha."

Walikuwa wameosha tumbo kwa maji ya chumvi mpaka yakatoka meupe, wakashona, wakaacha mirija ya kutolea uchafu. Na juu ya mishono, ili puru ipate kupumzika, daktari alikuwa amekitoa kichwa cha utumbo nje kupitia ukuta wa tumbo, upande, na kukifunika kwa mfuko. Haja yake itatokea hapo kwa miezi kadhaa. Akipona vizuri wataurudisha ndani.

"Na asipopona vizuri?"

"Tutavuka mto tukiufikia."

Mto waliufikia mapema. Siku chache baadaye homa ilimpanda Taratibu, akaanza kuweweseka, akamwita Msusi kwa jina la mama yake marehemu na kumwomba azime mashine. Hapakuwa na mashine yoyote. Usaha ulikuwa umejikusanya kwenye kina cha nyonga, nyuma ya puru, na ikabidi afunguliwe tena, aoshwe tena. Wakambadilishia dawa. Msusi alilala sakafuni chini ya kitanda, kwenye khanga, na kila mara aliinua mkono kugusa godoro aone kama bado linapanda na kushuka.

Mama yake Msusi alikuja hospitalini katikati ya homa hiyo. Msusi akadhani amekuja kumtazama mkwewe. Mama alimtazama kweli, akamfunika miguu, kisha akamvuta binti yake kwenye veranda.

"Nasikia daktari amepeleka habari polisi."

"Ndiyo sheria yao, Mama. Mtu akiumizwa na mtu, wanapeleka."

"Na nani amesema ameumizwa na mtu?" Mama alikuwa na tabia ya kukunjua na kukunja ncha ya khanga akiwa na jambo zito. "Mwanangu, ya ndani hayatolewi uani. Kaka yako amekosa, sikatai. Lakini alikuwa anacheza. Hata mtoto huvunja kikombe akicheza."

"Amemvunja mume wangu."

"Mume utapata mwingine," Mama akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbusha bei ya kitu. "Kaka utampata wapi, na mimi nimekwisha zeeka?"

Msusi alirudi ndani, akakaa, akausikiliza upumuaji wa mumewe mpaka wakati wa kuona wagonjwa ukaisha na mama yake akaondoka bila kuaga.

Homa ilishuka. Polisi alipokuja kitandani, Taratibu alimwambia hakumbuki chochote. Na polisi alipoondoka alimgeukia mkewe.

"Uliniapia."

"Nilikuapia."

Ni hayo tu. Baada ya hapo hakumsemesha kwa muda mrefu. Alimwachia amwoshe, amgeuze, ambadilishie mfuko, huku akitazama dari. Ule utumbo uliotoka nje ulikuwa mwekundu, umelowa, kama ndani ya mdomo. Muuguzi wa wodini, mama mmoja mnene asiye na haya, alimfundisha Msusi kukata tundu la mfuko lilingane na duara, kukausha ngozi, kupaka dawa panapowasha, kuubandika usivuje.

"Huu ni kama mtoto mchanga," akasema. "Unatoa haja unapotaka wenyewe, unalia mbele za wageni, na ukiuchelewesha unakuaibisha."

Siku hiyo Taratibu alitabasamu kwa mara ya kwanza, kisha akakumbuka amenuna.

Nyumbani walikuta jirani amefagia. Kimya alichokuja nacho mume wake kilivunjika siku mfuko ulipopasuka akiwa kwenye kochi jipya. Alikaa pale kwenye uchafu wake, na Msusi alipopiga magoti na beseni, mumewe akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ungetunza kile kiapo," akasema, "saa hizi ungekuwa unanikalia eda."

"Najua."

"Basi acha nikukasirikie kidogo tu. Halafu nitaacha."

Mkubwa hakukanyaga pale. Alituma watu. Alikuja mtu wa gereji na kapu la matunda, akaliweka mlangoni na kuuliza kama mgonjwa ameanza kukumbuka. Alikuja mwingine kuuliza hilohilo. Wateja wa Msusi wakaanza kupungua. Mmoja alimweleza waziwazi kwamba amesikia si vizuri kuonekana pale. Nyundo, yule fundi wa bati aliyeshika miguu, alipokutana na Msusi dukani alivuka barabara.

Mwishowe kikaitishwa kikao cha ukoo, nyumbani kwa Mama. Mjomba wao, mdogo wake Mama, ndiye aliyekiongoza. Alikuwa mtu wa kupenda amani kiasi cha kutojali ni ya namna gani. Mkubwa alikaa kwenye kiti kikubwa, mikono juu ya magoti. Taratibu alikaa kwenye mkeka wa ukutani, amejifunika shati pana.

"Utani umezidi kipimo," akasema Mjomba. "Hilo tumelikubali wote. Sasa wewe mkwe wetu ni muungwana, unajua kwamba damu nzito kuliko maji. Tunaomba hili jambo lifie hapa. Ukiitwa tena polisi, useme ulivyosema."

"Na damu nilimpa," akasema Mkubwa. "Ya kwangu mimi. Inatembea humo ndani mwake sasa hivi. Adui hutoa damu?"

Mama akaitikia kwa kichwa. Wote wakamwangalia Taratibu, ambaye kama kawaida yake hakuharakisha. Aliinuka kwa kushika ukuta. Akasogea katikati, akafungua vifungo vya shati toka chini kwenda juu, akaliachanisha. Mshono ulikuwa umepita katikati ya tumbo kama barabara mbaya, na kando yake ulining'inia mfuko.

"Mjomba," akasema, "wewe ndiye mkubwa wetu hapa. Huu ndio utani wenyewe. Nicheke sasa, au tucheke wote?"

Hakuna aliyecheka. Mama alitazama khanga yake. Na katika kimya kile, kama ilivyo tabia yake, ule utumbo ukatoa upepo ndani ya mfuko, kwa sauti, mfuko ukatuna.

Mkubwa akacheka.

Kilikuwa kicheko kidogo, kilichomponyoka puani, na akakikata palepale kwa kuweka ngumi mdomoni. Lakini kila mtu alikisikia. Msusi alimtazama kaka yake usoni akatafuta aibu, akakuta mtu anayejizuia asicheke tena.

Taratibu alifunga vifungo vyake, kimoja kimoja. "Nimekumbuka," akamwambia Mjomba. "Mtu akiniuliza tena, nimekumbuka yote." Wakatoka.

Kesho yake alikwenda polisi kwa miguu yake, mkewe upande wa mfuko ili watu wasimgonge. Alieleza kila kitu, na pia ni nani alishika nini. Yule askari kijana alianza kutabasamu aliposikia neno upepo. Taratibu alipofika kwenye habari ya usaha askari akaacha, na alipomaliza kuandika akamfungulia mlango. Mtaani walijua kabla ya jioni. Wapo waliocheka. Watoto walimtungia jina, nalo lilidumu mpaka wakachoka nalo.

Mkubwa alishikwa, akaachiwa kwa dhamana, akaendelea kufungua gereji kila asubuhi. Kesi iliahirishwa na kuahirishwa. Katikati ya hayo daktari alimpitishia Taratibu dawa nyeupe kwa njia ya haja, akampiga picha, akaona kidonda cha puru kimefunga, hakivuji. Akalazwa tena, utumbo ukarudishwa ndani. Ndipo ukaja wakati mgumu kuliko kisu, ule wa kungoja kuona kama mshono utashika. Hakula. Hakupata homa. Msusi alikuwa amejifunza kuiogopa kila jioni, saa homa inapopenda kuja, na jioni zikapita. Kisha asubuhi moja, wodi nzima ikiwa kimya, mumewe akajamba. Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi. Yule muuguzi mnene akapita na kusema, "Hongera, baba, kwa njia yake," na Taratibu akajifunika shuka mpaka kichwani, analia na kucheka, anaumwa na mshono.

Kesi ilipofika kusikilizwa, mashahidi wa gereji walisema hawakuona kitu. Nyundo akawa wa mwisho. Alisimama kizimbani, mtu mwenye mikono ya kunyoosha bati, akatazama chini, akasema: "Mimi nilishika miguu. Nilimsikia akilia nikadhani anacheka." Hilo likatosha. Mkubwa alipewa kifungo. Alipokuwa anatolewa alipita karibu na dada yake, akainama kama anayetaka kumnong'oneza, lakini askari akamvuta, na Msusi hakujua alitaka kusema nini. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko alivyoifikiria hukumu.

Taratibu anapaka rangi kwenye gereji ile aliyotaka kuhamia tangu mwanzo. Wanapowasha mashine ya upepo yeye hutoka, akasimama barabarani mpaka tangi lijae na mashine inyamaze. Wenzake wanajua, hawamuulizi. Haja yake haiji kama zamani. Kuna siku inamharakisha, kuna siku inagoma, na daktari amemwambia huenda ikabaki hivyo.

Mama hajawahi kuingia kwao tena. Lakini juzi alikuja mpaka mlangoni. Hakukubali kiti alichopewa wala maji.

"Kaka yako anatoka kabla ya mvua," akasema. "Wamempunguzia kwa tabia njema. Huko nako anawachekesha wote, wanampenda. Ameniambia nikwambie atapita hapa kabla ya kwenda popote."

"Kufanya nini, Mama?"

"Hakusema. Alicheka tu."

Usiku wakati wa kula Msusi alimweleza mumewe. Taratibu alitafuna, akameza, akanywa maji.

"Kesho nitamleta fundi wa kuchomelea," akasema. "Mlango huu wa mbao tutie na wa chuma."

"Na wa uani?"

Alifikiri kidogo, kwa mwendo wake.

"Tuanze na wa uani," akasema.